Maji ya Moto Ng'ambo ya Luama

Katika safari ile nilijialika mwenyewe. Mwenye safari alikuwa mama mkwe wangu, naye alikuwa amekwisha kumchagua wa kumsindikiza, mke wa mdogo wa mume wangu. Ilikuwa kiangazi, wakati wa Wabelgiji, pamba imekwisha kuvunwa na kupelekwa kupimwa, na watu wameachiwa siku chache za kupumua. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba tangu mvua za mwisho. Muganga wa dispensari alimpa dawa ya kupaka, akaipaka hadi chupa ikaisha, magoti yakabaki vilevile. Ndipo akasema atakwenda kuyakandia kwenye maji ya moto, ng'ambo ya mto Luama, mahali ambapo mama yake mzazi alikuwa akimpeleka zamani.

Tulikaa kwenye barabara ya motokari, si mbali sana na Kabambare. Mume wangu alikuwa seremala. Kazi hiyo alijifunza kwa mapadri wa Kasongo, na huko Kasongo ndiko alikonikuta mimi. Lugha ya kwetu ni Kizimba. Mama yangu alifariki nikiwa bado mtoto wa kubebwa, nikalelewa na masista. Walinifundisha kushona, kupiga pasi, kusoma na kunyamaza mezani. Nilipoolewa nilifika kwa watu wanaosema Kibangubangu, nikiwa na sanduku la mbao, jozi mbili za viatu, na Kiswahili ambacho ndicho tulichosikilizana nacho.

Niliposikia habari ya safari nilimfuata mume wangu penye kazi yake.

"Kama mke wa mudogo wako anamusindikiza mama," nilimwambia, "mie mke wa mukubwa nabaki hapa kufanya nini? Kulinda kuku?"

Aliendelea kupiga randa. "Ile njia iko nguvu. Weye hujazoea."

"Nitazoea."

"Mama hakukuomba."

"Ndiyo maana nakuomba weye."

Aliweka randa chini, akaenda kwa chifu ili ile barua ya ruhusa ya wanawake wawili iandikwe upya iwe ya watatu. Siku zile huwezi kwenda mbali siku kadhaa bila karatasi mkononi. Mama mkwe alipopewa habari hakukataa. Alitazama miguu yangu, akageuka kwa yule mwenzangu na kumwambia kwa Kibangubangu, "Huyu atatuchelewesha."

Nilielewa. Na hapa lazima niseme jambo ambalo katika nyumba ile hakuna aliyelijua. Nilikuwa nimekaa nao miaka mitatu, nikitwanga nao, nikichota maji nao, nikimsikia mwanangu mwenyewe akianza kusema lugha ya bibi yake. Mwanzoni nilijaribu kuisema. Siku moja kijitoni nilimwomba mwanamke mmoja anisaidie kujitwika mtungi, nikakosea neno, wakacheka hadi mmoja wao akaketi chini. Tangu siku ile sikujaribu tena. Lakini masikio hayakuacha kusikia. Zilipofika mvua zile za mwisho nilikuwa nasikia karibu yote, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kukaa kimya, nilikaa kimya tu.

Mwenzangu huyo alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na mwanya mkubwa wa meno, na alipocheka alijipiga paja. Hakuwahi kukaa shuleni hata siku moja. Mama mkwe alikula naye chungu kimoja. Alimwita "mama yangu", akisema amefanana na mama yake mzazi. Mimi aliniita mtu wa Kasongo. "Muambie mutu wa Kasongo chakula iko tayari," alisema, nami niko pale pale, hatua tatu kutoka kwake. Ni mimi niliyemzalia mjukuu wa kwanza. Nilipokuwa na mimba nilidhani mtoto huyo ataniingiza ndani kwake. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akampenda kweli, na mimi akaniacha pale nilipokuwa.

Tuliondoka asubuhi na umande. Mwanangu, ambaye alikuwa amekwisha kuacha ziwa, nilimwacha kwa shangazi yake. Barabara ya motokari ilikuwa imenyooka, na nyumba zimepangwa kando yake mstari mmoja, kama serikali ilivyotaka. Njia yetu iliingia nyuma ya nyumba ya mwisho, ikapita katika mashamba ya muhogo, ikazama katika nyasi ndefu. Kabla jua halijawa kali hatukusikia tena sauti yoyote ya barabarani. Huko kulikuwa na nchi nyingine ambayo sikuijua, ya vijito vya maji meusi vyenye mti mmoja wa kuvukia, msitu mwembamba, kisha nyasi tena, kisha ghafla michikichi mingi mahali pamoja na mafiga yaliyozama ardhini.

Hayo mafiga yalikuwa ya vijiji vya zamani. Watu waliamriwa wahamie barabarani, wakahama. Mama mkwe alivijua vyote. Kila tulipofika kwenye michikichi alisimama, akaegemea fimbo, akamweleza mwenzangu kwa Kibangubangu: hapa alikaa bibi yangu mdogo, hapa palikuwa na mfinyanzi kipofu, pale nilipigwa na kaka yangu kwa kuvunja chungu cha mafuta. Alieleza, mwenzangu akauliza, wakacheka. Kisha mama akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Hapa zamani kulikuwa muji." Mwenzake alipewa hadithi nzima, mimi nikapewa maneno manne. Tulipita vijiji vitano vya namna hiyo siku ya kwanza, na kwa vyote vitano niliambiwa kwamba zamani kulikuwa mji.

Nilikuwa nimejitwika kikapu cha unga na samaki wakavu, nikitangulia kwa sababu sikutaka kuona migongo yao. Alasiri, tulipokuwa tukishuka bondeni, nilisikia sauti ya mwenzangu nyuma yangu imebadilika. Alisema kwa Kibangubangu kwamba mimba ya tatu nayo ilikuwa imetoka, mwezi ule wa kupanda karanga, na mume wake hajui. Ya kwanza na ya pili mume alizijua, akaanza kumwangalia kwa namna nyingine. Ya tatu alikuwa ameificha. Mama mkwe akamwambia asimwambie mtu, hata huyo mume, ingawa ni mwanawe. Akasema maji yanamsaidia mwanamke anayeingia na moyo uliotulia, na kwamba yeye mwenyewe aliingizwa huko kabla ya kumzaa mume wangu. "Magoti yangu yanauma kweli," alisema, "lakini nimekuja kwa ajili yako."

Sikupunguza mwendo wala sikugeuka. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuja, lakini ilikuja ya pili. La kwanza nililowaza ni kwamba mama anamfichia huyu siri, na kwa ajili yake anamficha hata mwanawe wa kumzaa. Mimi angenifichia nini? Kwetu watu walianza kutumia neno la Kifaransa, wakasema fulani ana jaluzi, yaani wivu, kama wanavyosema fulani ana homa. Ndivyo nilivyokuwa. Shingo ilikuwa ya moto chini ya kikapu.

Jioni ile tulilala katika kijiji kidogo cha nyumba saba ambacho sijui kilisahauliwaje kisihamishwe. Walitoka kutupokea wakipiga makofi taratibu, wakipiga goti. Walimkumbatia mama, wakamkumbatia mwenzangu. Mbele yangu walisita.

"Na huyu mwenye viatu?" mwanamke mmoja aliuliza kwa Kibangubangu.

"Mke wa mkubwa," mama alijibu. "Ametoka Kasongo. Amelelewa na watu wa sala, hajui kuomba kitu wala kuombwa."

Walinipa kiti, mimi peke yangu, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu wanaopita. Wao wote wakakaa mkekani, magoti yakigusana, wakala sombe ya majani ya muhogo na bugali kwa kuingiza mikono katika sahani moja. Mimi nililetewa sahani yangu. Chakula kilikuwa kizuri sana. Nilikula nikitazama mikono yao.

Siku ya pili tulivuka Luama kwa mtumbwi. Mtumbwi ulikuwa mwembamba, mama akaogopa, akamshika mwenzangu kiunoni hadi ng'ambo. Baadaye njia ilipanda mawe, na magoti ya mama yakakataa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, uniegemee."

"Weye uko na kikapu," alisema.

"Nitakitua."

"Acha. Utaanguka na hivyo viatu." Akauweka mkono wake begani kwa mwenzangu, ambaye naye alikuwa na kikapu kichwani.

Tulifika siku ya tatu, jua likiwa limepanda. Maji yalitoka chini ya jiwe kubwa, yakiwa ya moto kiasi cha kuivisha yai, yakatiririka hadi yanapokutana na kijito cha maji baridi, na hapo palikuwa na dimbwi ambapo mtu anaweza kuingia. Mvuke ulisimama juu yake mchana kweupe. Mwanamke wa kijiji cha karibu, aliyewaongoza wageni, alituambia tuache vitu vyetu juu ya ukingo na tuvue. Nilianza kufungua kikwembe changu cha kujifunga kiunoni. Nilikuwa nimetembea siku mbili na nusu, vidole vya miguu vimechubuka, na kwa kweli nilikuwa nimeota yale maji.

Mama mkwe akamwambia mwenye kuongoza, kwa Kibangubangu, "Tunaingia wawili. Huyu abaki na vitu." Kisha kwangu, kwa Kiswahili, "Weye ungoje hapa na vikapu, nyani iko."

Nilikaa. Nyani kweli walikuwepo, niliwasikia kwenye mawe ya juu. Niliwatazama wale wawili wakiingia polepole, wakishikana mikono. Mama akamketisha mwenzangu kwenye maji hadi kifuani, akachota kwa mikono, akamwagia tumboni, akachota tena. Alikuwa akisema maneno ambayo sikuyasikia. Mwenzangu alilia kimya, na mama akampangusa uso kwa kiganja, kama unavyompangusa mtoto mwenye kamasi. Mimi sikuwahi kufanyiwa hivyo na mtu ninayemkumbuka. Masista walitupa leso.

Nikasimama nikaondoka. Niliondoka hivyo hivyo, nikaviacha vikapu kwa nyani.

Nilidhani nafuata njia ya kurudi kijijini. Kumbe nilishika njia ya wawindaji, iliyokwenda vizuri hadi penye nyasi ikagawanyika mara mbili, ikapotea. Nilizunguka. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko mimi na zote zilifanana. Nilifika kwenye michikichi na mafiga, mji wa zamani mwingine, nikajua kwamba hapa hatukupita. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Niliita kwa Kiswahili, hakuna aliyeitika. Nikaona moshi.

Alikuwa mwanamke mzee anayepika chumvi. Alikuwa amechoma majani ya majini, akachuja majivu yake kwa maji katika kapu lililofumwa kwa kubana, na sasa alikuwa akichemsha maji yale katika chungu hadi yakauke. Alinitazama bila kushangaa. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akatikisa kichwa. Nilimwuliza njia kwa Kiswahili, akatikisa kichwa tena, akarudi kwenye chungu chake.

Basi nikasema kwa Kibangubangu. Nilisema, nimepotea, mama, nimetoka kwenye maji ya moto. Nadhani nilikosea maneno mawili au matatu. Hakucheka. Alisogeza gogo nikae, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma na chumvi yake, nyeusi kidogo na chungu kidogo, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Nilimtaja mama mkwe wangu. Sikusema ni mama wa mume wangu. Nilisema ni mama yangu.

"Aa," alisema, "yule mwenye kaka mkali." Alimjua tangu wakiwa wasichana. Alinieleza mambo ya ujana wao, jinsi walivyoiba mafuta ya mawese, nami nikauliza maswali, naye akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza hadithi kamili katika lugha ile. Kisha akapunguza moto chini ya chungu kwa kutoa kuni mbili, akanipeleka mwenyewe hadi nilipoona mvuke.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilimwona mama mkwe kabla hajaniona. Alikuwa amepanda kilima kile cha mawe kwa magoti yake yale, fimbo mkono mmoja, nguo bado mbichi mwilini, akiita kwa sauti iliyokwisha kukauka. Mwenzangu alikuwa chini akitafuta kando ya kijito. Mama aliponiona alisimama, akaanza kunigombeza, na kwa hasira akasahau Kiswahili. Alinigombeza kwa Kibangubangu kutoka mwanzo hadi mwisho: kwamba mimi ni mpumbavu, kwamba huku kuna chui, kwamba vikapu vimepekuliwa na nyani na unga umemwagika.

"Ningemwambia nini mwanangu?" alisema.

Neno hilo ndilo lililonichoma. Nilisikia kwamba hata sasa anamwazia mwanawe, si mimi.

"Ungemwambia uliniacha nilinde vikapu," nikamjibu kwa Kibangubangu.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kufika karibu, akasimama.

"Tangu lini?" mama akaniuliza.

"Tangu mvua zilizopita."

"Na njiani?"

"Yote."

Mwenzangu aliketi juu ya jiwe. Alivuta kikwembe chake akakifunga upya tumboni, akakaza, akakaza tena, ingawa hakikuwa kimelegea. Nimesahau mambo mengi ya miaka ile, lakini hilo sijalisahau. Nilikuwa nimetaka wajue kwamba nawasikia, na katika kuwaza kwangu siku zote walishtuka, wakaona haya, wakanifungulia nafasi mkekani. Badala yake nilimwona mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu, na aliyemvua ni mimi.

Tulikaa pale siku mbili zaidi. Kesho yake asubuhi mama aliniambia, kwa Kibangubangu, "Uingie na wewe, miguu yako imechubuka." Niliingia. Mwenzangu alikuwa ametoka tayari. Maji yalikuwa mazuri, yenye harufu ya yai, na nilikaa humo peke yangu na mama, ambaye alikanda magoti yake akitazama upande wa pili.

Safari ya kurudi ilikuwa kimya. Tulipita vijiji vya zamani na mama hakusimama kueleza kitu. Sikuwa nimewaza hilo. Lugha yao ya njiani nilikuwa nimewanyang'anya, wala haikuwa yangu. Nilijitwika kikapu kilichobaki na unga kidogo, nikatangulia kama mwanzo.

Tulipokaribia mashamba ya muhogo, mama akiwa amebaki nyuma, mwenzangu alikuja akatembea kando yangu.

"Utamuambia mume wako?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Hapana."

"Akijua yeye, mume wangu atajua."

"Sitamuambia. Ningetaka ningekuwa nimeisha kusema zamani."

"Ulisikia siku ya kwanza, na ukaendelea kutuchukia?"

Nilimwambia kwamba sikumchukia. Aliniangalia, nami nikajua haamini, nikajua pia kwamba ana haki.

Sikumwambia mume wangu, wakati ule wala baadaye. Aliniuliza nilipata wapi ujasiri wa kusema Kibangubangu, nikamwambia nilipotea. Mama mkwe alianza kunisahihisha. Nikikosea neno alilirudia vizuri, kwa ukali kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Aliacha kuniita mtu wa Kasongo, akaniita mama wa mtoto wangu, kama anavyoitwa mwanamke mwingine yeyote. Nilishukuru kwa hilo. Lakini chungu chake aliendelea kula na mwenzangu.

Kiangazi kilichofuata walikwenda tena, wawili. Barua ya chifu iliandikwa ya wanawake wawili na sikumfuata mume wangu penye randa. Niliwafungia samaki, nikawasindikiza hadi nyuma ya nyumba ya mwisho, nikarudi kutwanga. Siku zote nane walizokuwa huko nilikuwa najua kila saa wako wapi: sasa wako kwenye michikichi ya mfinyanzi, sasa wanavuka, mama ameshika kiuno cha mwenzake. Nilitwanga hadi shangazi wa mwanangu akauliza kinu kimenikosea nini.

Mwenzangu alizaa baada ya mwaka mwingine, mtoto wa kike, na mama akahamia nyumbani kwao miezi mingi kumsaidia. Nilimpelekea kanzu ndogo tatu nilizoshona mwenyewe kwa mshono wa masista. Alizipokea, akanipa mtoto nimpakate, akaketi karibu nami mkekani. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Mama mkwe akaingia na maji ya kumwogesha mtoto, akamtwaa mikononi mwangu, akaanza kumwimbia, nikahisi shingo yangu inapata moto vilevile. Nikasimama, nikasema nimeacha chakula jikoni.